Zulia la Kando ya Kitanda cha Mama

9 Januari 1988

Wifi yangu,

Salamu nyingi, na za mwaka mpya pia ingawa umeshaanza kuchakaa. Mimi mzima, ila kifua kinanisumbua. Siku nzima nasaga vioo vya miwani ya watu, jioni napiga chafya za vumbi. Vipi kaka, bado yuko na lori lake la saruji, au amelala nyumbani walau juma moja? Na huyo binti aliyeanza kutembea, mnamwacha atembee, au bado mnambeba kama yai?

Sasa nije kwenye lililonishikisha kalamu. Kaka kaniandikia kwamba daktari amethibitisha: mama ana presha ya macho, na uoni uliokwisha kupotea haurudi. Kaandika mistari mitatu tu, unamjua. Mstari wa tatu ndio nimeusoma mara nyingi. Kasema, "Usihofu, mama mwenyewe anasema mke wangu ndiye macho yake sasa."

Nimefurahi. Kweli nimefurahi. Ila nimejiuliza, mimi mwenye miaka kumi na moja ya kuwawekea watu macho usoni, mama kaniita nani?

Haya, nisikilize, maana hili ni la kazi yangu na nimemuuliza daktari wa hapa dukani. Mtu wa ugonjwa huu haoni giza. Anaona kama anayechungulia ndani ya bomba: cha mbele anakiona, cha pembeni na cha miguuni hakioni. Kwa hiyo mlango usiachwe nusu. Ama uwe wazi kabisa, ama ufungwe. Ngazi za uani zipakwe rangi nyeupe ukingoni. Matone atiwe asubuhi na jioni, bila kuruka hata siku moja. Na jikoni asiingie. Jiko asiliguse kabisa.

Namtumia kioo cha kukuzia maandishi, nimempa dereva wa basi, pamoja na zulia dogo la kuweka kando ya kitanda asikanyage saruji ya baridi akiamka. Nimelichagua mwenyewe, lina maua mekundu. Mwambie ni mimi nimelileta. Tafadhali usisahau kumwambia.

Wifi yako


6 Februari 1988

Shikamoo wifi,

Barua na mzigo vimefika salama. Sisi wazima. Kaka yako alikuja siku nne, tatu akalala, ya nne akaondoka. Binti yako anatembea, tena anakimbia, na kazi yake kubwa ni kulala sakafuni njiani kwa bibi yake. Nimemshonea kengele ndogo kwenye pindo la gauni ili mama asimkanyage. Sasa majirani wote wanamwita Kengele, jina lake wameshalisahau.

Hilo la "macho yangu" lisikuumize. Mimi huku nasikia lingine. Nikimtia matone: "Mwanangu angekuwepo, ana mkono mwepesi." Nikimkata kucha: "Mwanangu angekuwepo, hanikati nyama." Siku nzima ni "angekuwepo, angekuwepo", mpaka Kengele naye ameanza kusema "kekuwepo" akitaka maziwa.

Ngazi nilikuwa nimeshazipaka rangi kabla barua yako haijafika. Chupa ya matone nimeifunga mpira mmoja, ya vidonge vyake vya moyo mipira miwili, anapapasa anajua. Nguo zake nimezishonea vifungo ndani ya kola: kimoja ni ya kushindia, viwili ni ya kutokea. Chai ya rangi anainywa kwenye kikombe cheupe, maziwa kwenye kile cha buluu, kwa sababu maziwa ndani ya kikombe cheupe hayaoni, anamimina mpaka mezani. Hayo sikumuuliza daktari. Nilimwangalia tu.

La jikoni tutaliongea siku nyingine.

Zulia ni zuri sana, na nilimwambia ni wewe. Alilipapasa tangu adhuhuri mpaka alasiri. Lakini wifi, sakafu yetu tunaipiga nta, nalo linateleza juu yake kama sabuni. Tena yale maua, anainama kuyaokota, anadhani vifungo vyangu vimedondoka. Naomba ruhusa nilitundike ukutani, aliguse akitaka.

Mimi wifi yako mdogo


3 Machi 1988

Wifi,

Ukutani? Zulia si kalenda.

Nisamehe, nimeanza bila salamu. Hamjambo wote? Mimi sijambo. Duka limepata mashine mpya ya kusagia, ninyi hamtaijua lakini hapa tunaizunguka kama bibi harusi. Mwambie Kengele shangazi yake anamletea viatu.

Juzi aliingia dukani kwetu yule mwalimu mstaafu wa mtaani kwenu, yuko huku kwa mwanawe, miwani yake imekatika mguu. Nikamkalisha, nikamtengenezea bure kwa kuwa katoka nyumbani. Akanishukuru, halafu akasema, "Mama yako hodari! Nimepita kuaga, namkuta anakoroga maharage jikoni na macho yale." Nikamuuliza wifi yangu alikuwa wapi. Akasema, "Kwenye cherehani, anashona."

Bisibisi ilinianguka. Nilikuandikia jiko asiliguse. Mimi nimekaa huku nikidhani mama yangu anahudumiwa, kumbe anahudumia. Kama kazi zimekuzidi, sema. Hakuna aliyekulazimisha kuitwa macho ya mtu.

Zulia litandikwe chini, maana ndiyo kazi lililonunuliwa.

Ndani ya bahasha hii kuna ukurasa wa mama peke yake. Msomee wote, polepole, usimchanganye na kelele za cherehani. Nangoja jibu lake, kwa maneno yake.

Wifi yako


21 Mei 1988

Shikamoo wifi,

Nisamehe kwa kukawia. Salamu zote zipo.

Mama alianguka Jumanne iliyopita asubuhi, chumbani, wakati wa kuamka. Aliteleza. Kifundo cha mkono wa kulia kimepata ufa, kimefungwa plasta kwa wiki sita. Kichwa hakikuguswa, daktari amehakikisha. Anakula, anaongea. Anakusalimu na anasema usije mbio, usiombe ruhusa kazini kwa ajili yake.

Kosa ni langu.

Wifi yako mdogo


2 Juni 1988

Wifi,

Salamu leo sina.

Umekaa siku nne na mkono wa mama yangu uliovunjika, ndipo ukashika kalamu, na ulipoishika ukaandika vijineno vya kujaza kiganja. Aliteleza. Kwenye nini? Maji? Mafuta? Mtoto kakojoa hukufuta? Wewe ulikuwa wapi? Kwenye cherehani? Nani alimwinua, ulikuwepo au aliita mpaka akachoka?

Na ukurasa wangu? Wiki kumi na tatu sasa. Nilimwandikia mama neno zito, neno ambalo mtoto hamwandikii mzazi wake mara mbili, na mama hajanijibu hata kwa salamu. Nimekwenda posta mpaka karani ananiona kwa mbali anatikisa kichwa. Nimejiuliza kama amekasirika. Nimejiuliza kama kwa sasa mtoto wake ni mmoja tu, aliyeolewa ndani ya nyumba.

Macho gani hayo, wifi, yanayomwacha mwenyewe aanguke?

Naja kumchukua. Mwambie kaka.


19 Juni 1988

Shikamoo wifi,

Kengele hajambo, ametoa jino la sita. Kaka yako alipita, akabadili shati, akaondoka. Mama mkono unamuwasha kuliko unavyomuuma. Nikigeuka tu anaingiza sindano yangu ya kufumia ndani ya plasta anajikuna.

Barua yako niliisoma nikiwa katikati ya sare za shule. Nikashona mikono miwili upande mmoja, ikabidi nifumue. Wakati nafumua nikaamua kukujibu yote. Mama hajui kama nakuandikia haya.

Aliteleza kwenye zulia lako.

Nilikuwa nimelikunja tangu Februari, nikaliweka juu ya kabati. Barua yako ya Machi ilipofika nilimsomea mama ukurasa wake, na mle uliuliza, "Zulia linakupendeza, mama?" Akaniuliza, "Kwani liko wapi?" Nikamwambia liko juu, linateleza. Akaninyamazia siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Mwanangu ananitandikia, wewe unakunja." Basi nikalitandika. Nilikata vipande vya mpira wa tairi, nikavishona kwenye kona zote nne ili lishike sakafu. Lilikaa vizuri wiki tisa. Siku ile uzi wa kona moja ukakatika. Zulia ni lako, uzi ni wangu. Ndiyo maana niliandika kosa ni langu, na sikusema uongo.

Unauliza nilikuwa wapi. Nilikuwa mlangoni na chupa ya matone mkononi. Nilimwona anakwenda chini na sikumfikia. Nilipopiga magoti kumwinua, akanishika gauni, akasema, "Usimwambie mwanangu ni zulia. Atajilaumu mpaka kufa. Sema niliteleza tu."

Nikamwambia, "Mama, atasema nilikuacha."

Akasema, "Wewe utavumilia. Umezoea."

Wifi, wewe uliyezaliwa naye, niambie ningesikiaje. Mtu yuko chini, mkono umevunjika, na wa kwanza kumwonea huruma ni wewe uliye mbali. Mimi niliyemshika nikafanywa pazia la kukufunika. Nimeolewa mwaka wa saba. Sijawahi kumwonea wivu mwanamke yeyote kwa ajili ya mume kama nilivyokuonea wewe siku ile kwa ajili ya mama yako. Nilikuandikia kwa kifupi kwa sababu kila sentensi ndefu ilitaka kukutukana.

La pili ni baya zaidi, nalo halina wa kusingiziwa. Ule ukurasa sikuumaliza. Nilisoma salamu, nikasoma la zulia. Nilipofika pale unapomwambia aje akae kwako, chumba kipo, dirisha lina mwanga, nikakunja karatasi nikasema, "Anakusalimu sana." Akauliza, "Ndiyo mwisho?" Nikasema, "Ndiyo mwisho, mama." Niliogopa atakubali.

Jana nimemsomea palipobaki. Akajibu. Alichojibu sikiandiki. Ukija utamuuliza mwenyewe, usije ukasema nimekipika.

Na la jikoni. Nilimkataza mwezi mzima, kama ulivyosema. Akawa analala mpaka saa sita mchana, anauliza leo ni siku gani, akijibiwa anauliza tena. Nikamrudisha. Jiko tumeligongomea mezani lisisogee, mpini wa sufuria unaelekea ukutani kila siku, gauni zake zote nimezikata mikono iliyokuwa mipana, isishike moto. Hajaungua hata ncha ya kidole. Mwalimu alisema kweli kwamba nilikuwa kwenye cherehani, ila hakukuambia imeelekea wapi. Nimeigeuza inatazama jikoni. Mwanga wa dirisha sasa unanijia mgongoni, nashona ndani ya kivuli changu mwenyewe.

Fimbo ya mbali haiui nyoka, wifi. Njoo. Plasta itakuwa imetolewa. Kaa naye wiki mbili za Agosti, mimi na Kengele tutakwenda kwetu kumwona mama yangu. Yeye anaona vizuri kabisa, na kwa miaka miwili hajaniona.

Kama baada ya hapo bado unataka kumchukua, nitamfungia nguo mimi mwenyewe.

Wifi yako mdogo


11 Septemba 1988

Wifi yangu,

Natumaini mlirudi salama na mama yako umemwacha hajambo. Viatu vya Kengele nimeviacha chini ya kitanda chenu, pembeni kabisa, mahali ambapo mama hapiti. Nimejifunza hilo. Kama ni vikubwa, weka pamba mbele.

Ni wiki tatu tangu niondoke, na ulitegemea barua mapema. Nakuomba usome mpaka mwisho, hata pale nitakapokuudhi.

Siku ya kwanza nilifagia. Nilisogeza kiti cha mama, nikafagia chini yake, nikasahau kukirudisha. Alijigonga goti, akasimama palepale, akauliza, "Nani kahamisha kiti?" Hakupaza sauti. Siku ya pili nilimshika begani nimwongoze kwenda bafuni, akakauka kama mti. "Usinisukume, mimi si toroli. Nipe kiwiko, nikushike mimi. Hukufundishwa?" Nikampa kiwiko. Akaniuliza mbona natembea kama ninayekimbizwa. Siku ya tatu nilimmiminia maziwa kwenye kikombe cheupe.

Kwa kifupi, mtaalamu wa macho alifika akakuta nyumba inaona kuliko yeye. Kila nilipoweka mkono, mkono wako ulikuwa umeshapita. Vifungo kwenye kola, mipira kwenye chupa, ule utepe mwekundu uliouzungushia kitasa cha choo. Nilikaa kwenye cherehani yako nikatazama jikoni, nikaona kweli hakuna mwanga. Niliona wivu hata kwa msumari ulioshika jiko. Zulia nimeondoka nalo. Liko hapa kwangu, nimelitandika, nalikanyaga mimi.

Nilimuuliza la kuhamia kwangu. Alinijibu, "Mwanangu, kwako nitakuwa mgeni mpaka nife. Hapa najua ukuta unaanzia wapi." Nikamuuliza kama ndivyo alivyokuambia wewe. Akasema ndivyo. Nilikuwa nimekuandalia maneno makali endapo ungekuwa umelipika hilo, ikabidi niyameze.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Siku niliyokuwa niondoke, nguo zangu zote zilikuwa kambani. Nilivaa gauni lako la kazi, lile lenye sindano kifuani, na kandambili zako zilizolika kisigino. Mama alikuwa amepitiwa na usingizi wa mchana. Aliposikia kandambili akaita, "Mmesharudi?" Nilitaka kusema ni mimi. Nikamkaribia kimya, nikampa kiwiko, akakishika bila kusita na tukatembea. Alitembea vingine, wifi. Wiki mbili mimi namburuta, siku ile alikuwa mwepesi kama anayetoka kwenda sherehe.

Tulipofika uani akaanza kuongea. Mimi niliitika "mm" tu, maana ningesema neno angeijua sauti.

Alisema hivi: "Mwenzio akiondoka usianze kununa. Unadhani sijui? Ukinuna cherehani inakwenda mbio. Nikimtaja siku nzima ni kwa sababu hayupo. Wewe nikutaje ya nini? Nani anayeutaja mkono wake mwenyewe?"

Tukapiga hatua mbili tatu. Akasema tena: "Na lile la kukubebesha uongo wangu, nilikosea. Nililala chini pale nikamwokoa mmoja kwa kumtupa mwingine. Hukustahili. Siku nyingine nikianguka, mwambie kila mtu nimeanguka kwenye nini."

Nikaitika "mm". Nikamkalisha kwenye kiti chake, nikaenda kubadili nguo, nikamwomba jirani akae naye mpaka mfike, nikarudi kumuaga kwa sauti yangu. Akalia. Akaniambia nisikawie tena. Hakuniomba radhi kwa lolote, kwa kuwa mimi hajanikosea.

Ndani ya basi niliyarudia maneno yale njia nzima ili yasinipotee, na nilijiambia nayarudia nikuandikie. Nilipofika sikukuandikia. Nilisema kesho, nikasema Jumapili. Kweli ni kwamba nilitaka yabaki kwangu. Nilitaka kuwa mkono wa mama yangu ambao hautajwi. Nimejaribu kuyavaa wiki tatu nzima, wifi, na hayakunienea. Yalikatwa kwa kipimo chako.

Nimeyaandika kama yalivyotoka, sikupunguza neno. Ni yako.

Ni mimi wifi yako mkubwa, ambaye wivu bado haujamtoka.